Kurudisha Matiko

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema afanye nini yule ambaye kisu chake kimekataa kunoleka.

Swali hilo ndilo lililomfikisha mkata samaki mmoja wa soko la Darajani, Unguja, kwenye kibanda cha mhunzi. Kisu alichokishika kilikuwa cha marehemu baba yake: bapa refu, jembamba, la chuma kisichoshika kutu. Usiku mmoja kilisahaulika ndani ya makaa ya jiko la kukaangia samaki, kikapoa polepole humo humo hadi asubuhi. Mpini uliteketea. Bapa lilibaki zima, lakini tangu siku hiyo, kabla ya jodari wa pili kwisha, makali yalikuwa yamekwisha lala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kimeungua hicho."

"Kimeungua. Naomba ukitie matiko upya."

Matiko, neno linaloadimika siku hizi, ni ule ugumu aupatao chuma kwa kutiwa motoni kisha kupozwa ghafla. Mzee alikuwa ametia matiko umri wake wote, katika visu na mapanga yaliyofuliwa kwa springi za magari. Chuma hicho hukolezwa hadi sumaku isikishike tena, kikaongezwa moto kidogo, kikazamishwa katika mafuta. Nyuzi 800 na ushei zatosha.

Chuma kisichoshika kutu kina tabia nyingine. Kromiamu ile ile inayokilinda na kutu huing'ang'ania kaboni, isiiachie mpaka moto ufike nyuzi 1,000 hadi 1,050, na ukae hapo kwa dakika kadhaa. Harry Brearley alipokifua Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, mafundi wa visu wa mji huo walimdhihaki kuwa amebuni kisu kisichokata. Kumbe hawakuwa wamekipa moto wake.

Mzee hakuahidi kitu. Kwanza alileta sumaku, kwani vijiko vingi vya chuma cha aina hii, vyenye nikeli ndani yake, havishikwi na sumaku wala havipati matiko hata vikeshe motoni. Sumaku ikashika. Akapitisha tupa, tupa ikala chuma kama mti.

"Hii ni dalili, si hakika. Kikipinda au kikipasuka, utaniwia radhi?"

Kijana alinyamaza. Katika vyote alivyoacha baba yake, hicho peke yake ndicho kilichokuwa bado kikienda kazini kila alfajiri. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Wakasubiri jua lizame, kwa kuwa rangi ya moto haisomeki mchana. Mzee alilitia bapa ndani ya bomba la chuma ili joto lilizunguke sawasawa, akalifukia katika makaa ya vifuu, akamwachia kijana mivukuto. Wekundu ulikuja, mzee akautazama ukipita. Bapa lilipofikia rangi ya nyama ya embe bivu, alimzuia mkono apunguze upepo, moto usipande wala usishuke. Kisha akalichomoa kwa koleo, akalizamisha katika mafuta kwa wima.

Halikupasuka. Ncha ilipinda kidogo, na mzee hakuthubutu kuinyoosha, maana chuma kikitoka hapo huwa kigumu lakini huvunjika kama kigae. Usiku huo huo kilipelekwa kwa mwoka boflo, kikalazwa katika tanuri mikate ilipokwisha kutolewa na joto kushuka hadi nyuzi 200 hivi. Kikakaa humo saa mbili.

Asubuhi mzee alipitisha tupa tena. Ikateleza, isiache alama. Alitia mpini wa mkarati, akakinoa, akamkabidhi mwenyewe bila neno.

Sokoni, kijana alimaliza jodari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomaliza wa tano, mkono wake ulikigusa kinoo kwa mazoea, ukakiacha.