Mpwa Wangu Hakuwa Mvivu

Nilimwambia dada yangu kwamba binti yake hana moyo wa kujifunza. Nilisema kwa simu, mimi nikiwa Dar es Salaam na yeye Morogoro, tena kwa uhakika wa mtu anayekula mkate wake kwa kuandika programu. Maneno yale hayakuwa ya kweli, na yalimfikia mtoto mwenyewe. Ndiyo maana naungama.

Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mwenye mtoto wa umri huo anakijua kipindi kile: mtihani Novemba, matokeo Januari, kisha kungoja mpaka Julai kidato cha tano kianze. Wengine hupelekwa kusomea ushonaji au udereva. Yeye aliniambia, “Mjomba, nataka nijue kutengeneza programu.” Sikumbuki ombi la ndugu lililowahi kunifurahisha zaidi. Nikaenda Kariakoo, nikamnunulia kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Kwa mtu anayeanza lugha ya programu ya Python, mashine hiyo inatosha. Aliyeifanya isitoshe ni mimi.

Niliiandaa usiku, peke yangu, mwenyewe akiwa hayupo. Nikafuta Windows na kuweka Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kazini. Nikaweka Visual Studio Code na viongezi vyake tele, nikaweka Git, Node.js, Docker, na hifadhidata ya PostgreSQL ambayo hujiwasha kila kompyuta inapowashwa. Vyote ni vyombo vyema. Lakini mtu ambaye hajaandika mstari wake wa kwanza havihitaji, na kila kimoja kilichukua sehemu yake ya zile gigabaiti 4. Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron. Ukiifungua, umefungua pamoja nayo sehemu kubwa ya kivinjari cha Chromium. Kwenye mashine yangu ya kazini uzito huo siuoni. Kwenye ile ya binti, ukibofya herufi ilikuwa inachelewa kutokea, na mara nyingine skrini iliganda kabisa.

Siku ya kumkabidhi nilikaa mimi kwenye kiti. Vidole vyangu vilikuwa kwenye kibodi, yeye amesimama nyuma yangu, na kila nilipouliza kama ameelewa alijibu, “Ndiyo, mjomba.” Hapo nilipaswa kujiongeza. Mtoto aliyelelewa na dada yangu hawezi kusimama mbele ya mjomba wake, mbele ya zawadi aliyoletewa, akasema hajaelewa kitu. Heshima ilimfunga mdomo, nami nikaichukua kuwa ndiyo kuelewa.

Baada ya hapo kukawa kimya. Nilipouliza maendeleo nilijibiwa “naendelea, mjomba”. Nikaacha kuuliza, nikatoa hukumu.

Nilipokwenda Morogoro wakati wa Pasaka niliikuta kompyuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa safi. Nikaiwasha nimwonyeshe dada kwamba haina tatizo. Nilikaa mbele ya ile skrini muda mrefu nikingoja ifunguke, bila intaneti ya ofisini na bila mashine yangu, na moyo wangu ukaanza kuingiwa na baridi. Ndipo nikamwita binti, nikamwomba anieleze tangu mwanzo alichofanya. Safari hii nilinyamaza nikasikiliza.

Shuleni alifundishwa kompyuta kwa Windows. Hata kitabu cha Python alichokuwa nacho kiliandikwa kwa wenye Windows. Alihangaika mpaka akaipata terminali, dirisha la kuandikia amri, akaandika neno “python” kama kitabu kilivyoagiza. Skrini ikamjibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haipo, ikaongeza maelezo ambayo hakuyaelewa. Kwenye Ubuntu amri inaitwa python3. Herufi moja tu, tarakimu ya 3, na mimi niliijua kwa miaka bila kufikiria kwamba mtu anahitaji kuambiwa. Akajaribu kutafuta msaada mtandaoni kwa hotspoti ya simu ya mama yake. Ubuntu hupakua masasisho yake kimyakimya; bando likaisha kabla hajasoma lolote. Mama yake akagomba, na alikuwa na haki, maana bando lile ndilo alilokuwa akilitumia kuongea na wateja wake wa maandazi.

“Nilidhani nimeiharibu, mjomba,” akaniambia. “Nikaogopa kukwambia.”

Miezi yote hiyo mtoto alikuwa anaamini ameharibu zawadi, huku mimi nawaambia watu ni mvivu.

Nimejiuliza kwa nini niliiandaa vile. Jibu halinipi heshima: niliiandaa ili mwandishi wa programu mwenzangu akiiona aseme imeandaliwa na mtu anayejua kazi. Anayeanza sikumfikiria kabisa. Na mimi nilianza kwa Notepad na kivinjari tu, kwenye kompyuta ya shule iliyokuwa dhaifu kuliko hii, na furaha ya kuona jina langu limetokea kwenye skrini ndiyo iliyonifikisha hapa. Njia ya kuifikia furaha hiyo nilimzibia yeye.

Sisemi Linux ni mbaya. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11, mojawapo likiwa TPM 2.0. Kwa mashine za namna hiyo Linux nyepesi ni chaguo la busara. Kosa langu ni kuiweka bila kumuuliza atakayeitumia, bila kumfundisha, na kuiweka nzito.

Tulianza upya. Fundi aliitoa diski ya zamani akaweka SSD. Fedha hiyo nilipaswa kuitoa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna badiliko jingine linaloipa mashine kuukuu wepesi kama hilo. Tukaweka Linux Mint ya Xfce, yeye akiwa kwenye kiti na kibodi, mimi pembeni. Docker na hifadhidata hazikurudi. Tukaweka Thonny, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia kwa ajili ya wanaoanza Python: unaandika juu, unabofya kitufe cha kijani, jibu linatokea chini. Terminali huihitaji. Ukitaka, itaupitia msimbo wako hatua kwa hatua na kukuonyesha thamani ya kila kigeu inavyobadilika. Mwongozo rasmi wa Python niliupakua kwa bando langu nikamwachia humo ndani, asome hata intaneti ikikosekana.

Programu yake ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha gharama za maandazi ya mama yake. Akaingiza 500 ya sukari na 200 ya chumvi na hamira. Kompyuta ikamjibu 500200. Nikajizuia nisiguse kibodi. Alitazama, akairudia, mwishowe akagundua mwenyewe kwamba Python imeyapokea kama maandishi ikayaunganisha, akatafuta kwenye mwongozo jinsi ya kuyafanya namba. Ilipotoka 700 alimwita mama yake kwa sauti kutoka jikoni.

Jioni ile nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa sababu mbele ya mama yake ndipo nilipomvunjia heshima.

Wewe unayeandaa kompyuta ya mtoto wa ndugu yako, mwache akae yeye kwenye kiti tangu mwanzo. Na siku atakayonyamaza, mwombe akuonyeshe skrini yake kabla hujamwambia mama yake neno lolote.