Chuma si Jina la Metali Zote

Leo naomba tulitazame neno moja dogo lililobebeshwa mzigo mkubwa: chuma. Katika mazungumzo yetu ya kila siku msumari ni chuma, waya ni chuma, sufuria ni chuma, hata kitasa cha shaba nacho ni chuma. Katika miaka yangu ya kufundisha fizikia nililiona neno hili likiwafunga wanafunzi. Sekondari sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mtoto wa Ringwani huingia darasani na maneno ya nyumbani kwao. Akiambiwa kwamba metali hupitisha umeme, moyoni huandika "chuma hupitisha umeme", kisha huamini kuwa vyote ni sawa.

Si sawa hata kidogo. Tuipe shaba alama 100 iwe kipimo chetu. Katika kupitisha umeme, fedha hupata kama 106, dhahabu 76, alumini 63, na chuma chenyewe 17 tu. Katika kupitisha joto, fedha hupata 107, dhahabu 79, alumini 59, na chuma 20. Tarakimu zinatofautiana kidogo, bali mpangilio ni ule ule. Sababu ni kwamba ndani ya metali zimo elektroni huru, na hizo ndizo zichukuazo mizigo yote miwili. Mwaka 1853 Wajerumani wawili, Wiedemann na Franz, walionyesha kuwa uwiano wa uwezo huo wa aina mbili hukaribia kulingana katika metali mbalimbali zilizo katika halijoto moja. Kwa hiyo kitenzi chetu "kupitisha" hakikukosea kutumika kotekote.

Ili mpangilio huo usisahaulike, niliwatungia wanafunzi ubeti huu wa tarbia:

Fedha yaongoza njia, shaba yafuata nyuma,
Dhahabu yakaribia, alumini yaandama,
Na mbali amesalia, mwenye nguvu zake chuma,
Joto na umeme pia, mbebaji yule daima.

Hapo huzuka swali: mbona nyaya za fedha hatuzioni? Jibu limo katika neno "bora", neno lisilokamilika mpaka tuulize: bora kwa lipi? Fedha ni ghali. Dhahabu, ambayo jirani zetu wa Nyamongo wanaijua tangu machimboni, hupakwa kwenye viunganishi vya simu na kompyuta kwa kuwa haishiki kutu, wala si kwa kuwa inaishinda shaba. Alumini ina uzito usiofika thuluthi ya shaba ya ujazo ule ule. Ndiyo maana hutumika sana katika nyaya kubwa za nguzoni, mara nyingi ikiwa imezungushwa juu ya nyuzi za chuma cha feleji zilizo katikati ili isikatike. Chuma aliye wa mwisho darasani ndiye anayeushika mzigo.

Lugha nayo hutunza kumbukumbu. Neno "sufuria" lina asili ya Kiarabu, katika "sufr", yaani shaba. Leo sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini. Jina limebaki la shaba, mwili umebadilika. Halidhuru, ugali unaiva. Lakini si kila mahali jina likilegea hakuna madhara.

Umeme unapoingia vijijini, nyumba baada ya nyumba, mtu hutumwa dukani "akalete waya" bila kutaja ni waya wa nini. Waya wa shaba na wa alumini zikisokotwa pamoja bila kiunganishi maalumu, hatari huanza. Alumini hujivika utando mwembamba usiopitisha umeme. Metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti zipatapo joto. Unyevu ukiingia, alumini huliwa. Kiungo hulegea, hupata moto, na siku moja huweza kuichoma nyumba iliyojengwa kwa mavuno ya miaka kumi.

Basi tuseme "metali" tukiitaja jamii nzima, na "chuma" tumwachie mwenye jina. Kinachopitisha tukiite kipitishi. Kinachozuia, kama mpini wa mti au ganda la plastiki, tukiite kihami. Na tukimtuma kijana dukani, tumtajie: wa shaba, au wa alumini. Ni neno moja tu la ziada, nalo halina bei.