Betri ya kubeba mgongoni

Katika mji mdogo wa Sake, wilayani Masisi, yapata kilomita 25 magharibi mwa Goma, kuna mama mmoja anayechaji simu za watu mbele ya nyumba yake ya mbao. Paneli ya jua iko juu ya mabati. Betri iko ndani, chini ya kitanda, nayo imefungwa kitenge chenye fundo, kama mtoto anayengoja kubebwa. Wateja wapya wanacheka wakiiona. Waliokimbia naye hawacheki.

Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, yeye na mume wake, ambaye anasukuma chukudu, walikimbilia kambi ya Bulengo pamoja na watoto watano. Huko kambini umeme haukuwepo, lakini simu zilikuwa nyingi. Kila aliyekuwa na simu alikuwa na mtu anayemtafuta: mzee aliyebaki kijijini, mtoto aliyepotea njiani, ndugu wa kutuma pesa kidogo. Simu ikizimika, mtu huyo anapotea mara ya pili. Mume akaona kazi hapo. Akanunua paneli na betri kuukuu ya lori, kwa sababu ilikuwa bei rahisi na ilikuwa kubwa.

Haikumaliza miezi mitatu. Asubuhi inaonyesha imejaa, simu nne tu na imekwisha. Waliona wametapeliwa, lakini kosa halikuwa la muuzaji peke yake. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha injini yenyewe inairudishia chaji. Wao walikuwa wanaikamua polepole usiku kucha, wanaacha taa zikishaanza kufifia. Betri ya aina hiyo, ukiimaliza hivyo mara nyingi, inakufa.

Lakini siyo kufa kwake kulikomfundisha mama huyo. Kulikomfundisha ni barabara. Februari 2025, kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, mume aliipandisha ile betri kwenye chukudu, akitumaini fundi ataifufua. Ilikuwa na zaidi ya kilo 25. Sufuria zikabebwa kichwani na watoto ili betri ipate nafasi. Kwenye mawe ya volkano ikainama, asidi ikamwagikia godoro na blanketi. Siku chache baadaye blanketi lilikuwa na matundu kama limeliwa na panya. Mtoto mdogo alilala juu ya mkeka msimu ule wote wa mvua.

Kwa hiyo ilipofika zamu yake katika likelemba, mama alimwambia mume: « Baba watoto, mara hii tunaenda wote wawili. »

Fundi wa Goma aliwawekea betri tatu mezani. Ya kwanza ya gari, hiyo hata hawakuiangalia. Ya pili ya jeli, ampea-saa 100, iliyofungwa isimwagike. Ya tatu ya lithiamu, ndogo, ampea-saa 50, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya jeli. Mume akasema mara moja: mia inashinda hamsini, tena kwa pesa kidogo. Mtu yeyote angesema hivyo.

Fundi akachukua kalamu. Akauliza kwanza wanachaji nini kwa siku. Simu kubwa 12, kila moja inakula kama wati-saa 20, pamoja na kinachopotea njiani: hiyo ni 240. Vitochi 10, kila kimoja 5: hiyo ni 50. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne: 40. Redio, tuseme 10. Jumla 340.

Kisha akarudi kwenye betri. Ya jeli, volti 12 mara ampea-saa 100, ni wati-saa 1,200. Lakini ukitaka idumu miaka, usiishushe chini ya nusu; kwa hiyo unayo 600 ya kutumia. Ya lithiamu ina 640 tu, ila inakubali kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia. Hiyo ni kama 500. Tofauti yao ni ndogo kuliko namba zilizoandikwa ubavuni. Zote mbili zinatosha siku nzima hata jua likikataa.

Mama hakubishana na hesabu. Aliinama, akajaribu kuinyanyua ya jeli. Kilo 30 hivi. Akaiacha. Akainua ya lithiamu kwa mkono mmoja, kama kilo 6, akaipeleka mgongoni, akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi.

« Hii, » akasema.

Mume alinyamaza kidogo, kisha akauliza la maana: nani atahakikisha haina seli kuukuu ndani? Fundi akakubali iunganishwe na taa kubwa palepale, wahesabu saa mpaka izimike. Walikaa pale hadi jioni, wakala mikate na chai. Akawaambia pia regulata yao ya zamani haitafaa, kwani iliwekwa kwa betri za asidi. Wachukue inayokubali lithiamu. Na simu wazichaji moja kwa moja kwa volti 12 na viunganishi vya USB, bila kupitia mashine ya kugeuza umeme kuwa volti 220, kwa sababu mashine hiyo nayo inakula.

Pesa ya likelemba haikutosha. Mume aliuza paneli yao ya pili, ile ndogo, na hakufurahi. Mpaka leo anasema kwamba ukinunua kitu ukifikiria kukimbia, ni kama umeshakubali kukimbia. Mke anamjibu kwamba yeye hakukubali neno lolote, ila godoro analikumbuka.

Jioni, wateja wakishachukua simu zao, anafungua kitenge, anapangusa betri vumbi, anaifunga tena. Fundo analifanya la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Mtoto wa kwanza, mwenye miaka 13, ameshafundishwa kulivuta gizani.