Kiambishi cha Mama

Wanachuo wetu huuliza kila mwaka: ikiwa -ki- na -nge- vyote hutaja sharti, tofauti yake ni nini hasa? Kanuni wameisoma kitabuni. Sisi tofauti hiyo tuliifahamu kwa mama yetu, Koboko, kabla ya kujua kwamba ina kanuni.

Mama alikuwa Mkakwa. Kiswahili alikipata Jinja, katika kambi ya jeshi alikohamia alipoolewa. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles, na hata kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikisikia kama lugha ya amri na bunduki. Mama alitubembeleza kwa lugha hiyohiyo. Baba alipokuwa kazini miezi mingi, yeye peke yake alitulisha, alitufulia, alitufundisha kuwaamkia wakubwa. Upatanisho wa ngeli ulimshinda. Alisema "kitu yangu" hadi mwisho wa maisha yake. Masharti, hata hivyo, hakuyakosea kamwe.

Kampala ilipotekwa mwezi Aprili 1979, Baba alikuwa vitani. Jamaa za askari wa West Nile zilihofia kulipiziwa kisasi. Mama alitukusanya watoto sita, akatuvusha mpaka kuingia Sudan. Kichwani alibeba sufuria, unga wa muhogo, na koti moja la kiraia la Baba. Huko ugenini alilima vibarua, akauza kuni, akatupeleka shule. Kila wiki alilianika koti lile juani, akilikung'uta vumbi. Tulipomuuliza sababu, alijibu, "Baba yenu akirudi, atalihitaji."

Akirudi. Kwa miaka saba tulilisikia neno hilo, nasi tukaishi ndani yake. Kiambishi -ki- huliacha jambo wazi: halijatokea, ila laweza kutokea wakati wowote. Kila mgeni aliyebisha hodi, tulimtazama uso kwanza.

Tulirejea Koboko mwaka 1986. Mwaka uliofuata kaka yetu mkubwa alipata nafasi katika shule ya sekondari mjini Arua. Asubuhi ya safari Mama alilitoa koti, akamvika. Mikono ilikuwa mirefu, akaikunja taratibu. Kisha akasema, "Baba yenu angekuwapo, angekusindikiza mwenyewe."

Hatukusema kitu. Kaka aliinama kufunga kamba za viatu ambazo alikwisha kuzifunga. Hakuna aliyewahi kutuletea habari ya kifo. Hapakuwa na kaburi wala matanga. Siku ile Mama alibadili kiambishi kimoja tu, nasi tukajua kwamba ameacha kungoja. Kiambishi -nge- hutaja jambo ambalo msemaji analiona haliko. Tangu siku hiyo hatukumsikia tena akisema "akirudi", wala sisi hatukuwatazama tena wageni namna ile.

Basi, mwalimu mtarajiwa, utakapofundisha sura hii, usiwape wanafunzi jedwali peke yake. Waulize nyumbani kwao nani husema "akija" na nani husema "angekuja". Wasikilize kwa adabu, kwa maana huenda mmoja wao bado anangoja.