Mazuti au esansi? Ndugu wawili na mashua yao ya Nzilo

KOLWEZI – Siku ya Mungu, jamaa nyingi za mjini hubeba makala, kuku na viti vya plastiki mpaka ziwa Nzilo, lile lililozaliwa mto Lualaba ulipozibwa kwa ajili ya umeme, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndugu wawili wa hapa wanayo mashua ya aluminiamu ya metri tano na nusu, ya kutembeza watoto. Moteri yake ilikufa. Walichanga pesa mwaka mzima, kisha wakashindwana: wanunue ya mazuti au ya esansi?

Mkubwa ni fundi wa malori ya mgodi. Kwake jibu ni mazuti tu. Moteri ya mazuti haina buji, inakula kidogo, inavuta mzigo bila kukimbia sana, na ikitunzwa inadumu. Tena mazuti haishiki moto upesi. Esansi inatoa mvuke mzito kuliko hewa. Unateremka chini ya chombo, unajikusanya pale, na cheche moja inatosha. Mama yao, aliyewahi kuona nyumba ya kadafi ikiungua na bidoni zake, alikubaliana naye.

Mdogo, muuza simu, alishika kalamu. Mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila mara: hazifiki saa 75 kwa mwaka. Kwa saa hizo chache, mafuta watakayookoa hayawezi kurudisha bei ya moteri ya mazuti. Halafu uzito: ile inafungwa ndani, na mashua ndogo hivi itazama nyuma. Ya esansi inaning'inia nje, na mashua haina sakafu ya kuficha mvuke, upepo unaupeleka.

«Mama, hatari uliyoiona ni ya bidoni kulala chumbani,» alisema.

Mkubwa hakutaka kuachilia. «Lakini mazuti nitaipata kwa bei nzuri.»

«Yaya, utaipata wapi?»

Hakuna aliyejibu. Kolwezi nzima inajua kwamba jioni kuna mazuti ya bei ya chini, na kwamba nyingine imenyonywa kwenye matangi ya malori. Fundi anayeshinda chini ya malori hayo, kisha anaonekana ziwani na moteri ya mazuti, ataulizwa. Hata kama ameinunua kwa haki, ataulizwa. Kwa litre 20 mtu anaweza kupoteza kazi inayolisha nyumba tatu.

Mama ndiye aliyekata neno: esansi, lakini kwa masharti yake. Inunuliwe kituoni siku ileile ya kwenda. Tangi lijazwe nchi kavu, moteri imezimwa, watoto wakiwa mbali. Kizima-moto kiwe karibu na nahodha, kila mtoto avae jaketi la kuelea, na inayobaki isilale ndani ya nyumba.

Walichukua ya farasi 40 badala ya 30, kwa sababu ziwa liko juu ya metri 1.000, hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza nguvu kidogo.

Mkubwa bado anasema mazuti ni bora. Ila siku ya kwanza ziwani, mdogo alipomtania, alipapasa mfuko wa shati na kutoa karatasi ya kituo cha mafuta.

«Hii,» alisema, «ninayo risiti yake.»