Uwanja Unaoelea wa Koh Panyee

Watoto wetu wa pwani hupanga mechi zao kwa kuitazama bahari. Maji yakipwa, mchanga hukazana na vijiti vya lango husimamishwa. Maji yakijaa, mchezo umekwisha, hata kama kuna upande unaodai bao. Tulipopanda mashua kuelekea Koh Panyee, katika Ghuba ya Phang Nga kusini mwa Thailand, tulidhani kuhusu kandanda na bahari hatuna la kufunzwa.

Koh Panyee ni kijiji cha wavuvi Waislamu kilichojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, chini ya jabali la chokaa lililosimama wima kama ukuta. Waasisi wake walikuwa wavuvi wenye asili ya visiwa vya Kimalei, waliofika mwishoni mwa karne ya 18. Sheria ya enzi hizo haikumruhusu mgeni kumiliki ardhi. Basi wakajenga baharini. Nyumba, maduka, skuli na vichochoro vyote vimekaa juu ya nguzo. Msikiti umeegemea jabali, na kuba lake la rangi ya dhahabu humpokea msafiri angali mbali. Adhana ilipotukuta gatini, tulijihisi tumefika kwa jamaa.

Lakini mahali pasipo na ardhi, mtoto atacheza wapi? Mwaka 1986 vijana wa kijiji walilitazama Kombe la Dunia kwenye televisheni, wakatamani kuwa na timu. Husimuliwa kwamba wakubwa waliwacheka. Vijana hawakubishana nao. Walikusanya mbao chakavu na vyelezo vikuukuu vya uvuvi, wakagongelea misumari kila baada ya masomo, hadi wakapata sakafu inayoelea.

Uwanja ule ulikuwa na vituko vyake. Mbao zilitikisika, misumari ilichomoza, na maji yaliingia kwenye nyufa hata pakateleza kama pametiwa mafuta. Mpira ukitoka, huufuati kwa miguu, unaufuata kwa kuogelea. Na mara nyingi mchezaji aliufuata bila kupenda. Wakacheza miguu mitupu. Wakajifunza pasi fupi za chini kwa chini, kwani aliyepiga kwa pupa ndiye aliyelowa. Kasoro za uwanja ziligeuka kuwa mwalimu wao.

Walipojitosa katika mashindano ya bara, kijiji kiliwanunulia jezi na viatu. Wakafika nusu fainali. Siku hiyo mvua ilinyesha, viatu vikajaa maji na kuwalemea. Wakavivua, wakacheza kama walivyozoea nyumbani. Walishindwa, lakini walirudi wakiwa fahari ya waliowacheka. Timu ya Panyee haikuzimika: kuanzia 2004 hadi 2010 vijana wake walitwaa ubingwa wa vijana wa kusini mwa Thailand mwaka baada ya mwaka. Siku hizi wanacheza kwenye uwanja ulio imara zaidi, nao pia unaelea.

Alasiri tulikaa kando ya uwanja huo karibu na mama mmoja aliyekuwa akitazama wanawe. Mpira ukaruka ukingo, mtoto akajitupa majini nyuma yake. Sisi tulishtuka, tukainuka. Mama hakuinuka, alisogeza tu taulo lililokuwa pajani mwake, akalishika tayari.

Tumerudi nalo taulo lile mawazoni. Katika mitaa yetu, kiwanja cha jana leo kimezungushiwa ukuta, nasi huwaambia watoto, "Tokeni mkacheze nje," bila kuuliza hiyo nje iko wapi. Wazazi wa Koh Panyee hawakuwa na shubiri ya ardhi ya kuwagawia wana wao. Sisi bado tunayo kidogo. Jioni hii, inshaallah, tuwafuate watoto wetu mpaka wanapochezea, tupajue. Na siku mtu atakapokuja na kamba ya kupapima, awakute wazazi wamekaa hapo.