Wati za Kwenye Boksi na Wati za Ndani

Ndugu msomaji, ukifungua ubavu wa kompyuta ya mezani utaona vitu vingi ambavyo wauzaji huvisifia: prosesa, diski, kumbukumbu, na siku hizi kadi ya grafiki yenye feni mbili na taa za rangi. Kwenye kona, aghalabu upande wa nyuma, utakuta kisanduku cha bati kisicho na urembo wowote, chenye feni moja na shada la nyaya. Hicho ndicho mafundi wetu hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230, kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu kama ule wa betri, na kuugawia kila kiungo cha kompyuta kwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Hakuna mteja aingiaye dukani akikisifu, na ni wachache wanaokumbuka kukiuliza.

Nataka leo tukizungumze kisanduku hiki, kwa sababu familia yetu imelazimika kukichagua, na uchaguzi huo ulikaribia kututia katika ugomvi. Ndani yake nimeona jambo linalomhusu hata yule asiye na kompyuta nyumbani, nalo ni kwamba namba iliyochapwa kwa herufi kubwa si lazima iwe kipimo cha kitu kilichomo ndani.

Mdogo wangu anaishi Kitai, katika Wilaya ya Mbinga, pale ambapo barabara itokayo Songea kwenda Mbinga huachana na ile iteremkayo Lituhi, kwenye Ziwa Nyasa. Msomaji aliyewahi kupita huko atayakumbuka malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu mwaka 2011 na kusafirishwa mbali kwenda kuwasha matanuri ya viwanda vya saruji. Nguvu hiyo huipita Kitai ikiwa juu ya magurudumu. Umeme wenyewe ulikawia. Mpaka mwaka 2018, ilipokamilika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, miji ya huko haikuwa imeunganishwa na Gridi ya Taifa, na ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli. Laini ilipofika, vijana walipata moyo wa kuanzisha kazi: huyu alinunua mashine ya kuchomelea, yule akafungua saluni, na mdogo wangu akafungua kibanda cha kupiga picha za video za harusi, ubatizo, kipaimara na hata misiba.

Kamera za siku hizi hutoa picha safi mno, na usafi huo una gharama yake. Kompyuta yake ilikuwa ile ya ofisini iliyokwisha kutumika Ulaya, ikauzwa kwetu kwa bei nafuu. Filamu ya harusi moja iliichukua usiku mzima kuikamilisha, na mara nyingine ilizimika kabla ya alfajiri. Wateja walianza kuchoka. Wawili walichukua picha zao na kuzipeleka Mbinga mjini. Mafundi wakamshauri aongeze kadi ya grafiki, nao hawakukosea, maana kadi hiyo huichukulia prosesa sehemu kubwa ya mzigo wa picha. Mama, ambaye ana shamba dogo la kahawa upande wa milimani, akatoa sehemu ya fedha za mauzo yake. Mimi niliyeko Dar es Salaam nikapewa kazi ya kununua.

KUPIMA MZIGO KABLA YA KUNUNUA PUNDA

Mdogo wangu alikuwa amekwisha chagua kadi: GeForce RTX 3060. Kadi hiyo hutumia wati 170, na watengenezaji wake hushauri pawasaplai ya wati 550. Pawasaplai iliyokuja na kompyuta yake ilikuwa ya wati 290. Ilikuwa dhahiri kwamba kisanduku nacho lazima kibadilishwe, na hapo ndipo fedha zilipoanza kupungua. Fedha za mama zilitosha kununua kadi hiyo kubwa pamoja na pawasaplai ya bei ya chini kabisa; au kadi ya wastani pamoja na pawasaplai nzuri. Zote mbili bora hazikuwezekana.

Nilikwenda Kariakoo. Katika duka la kwanza kijana muuzaji, mwenye maneno matamu, aliniwekea mezani boksi lenye namba 500 iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. “Kaka, wati mia tano hizo, hata nyumba nzima inawaka,” akaniambia. Nilikiinua kisanduku kwa mkono mmoja. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Uzito peke yake si ushahidi kamili, lakini koili za shaba, kapasita kubwa na mabamba ya kupoza joto vina uzito wake, na mahali vilipopunguzwa mkono huhisi. Nikakigeuza nisome kibandiko cha ubavuni.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye somo. Kibandiko cha pawasaplai huonyesha kila volti na ampea zake, na wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Prosesa na kadi ya grafiki za leo hula karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12. Kisanduku kile kilichojiita cha wati 500 kiliandikwa ampea 18 kwenye njia hiyo. Zidisha 12 kwa 18: utapata wati 216. Zilizobaki zilihesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya leo haina kazi kubwa nazo. Katika duka la pili nilionyeshwa kingine kilichoandikwa wati 450 tu, lakini kibandiko chake kilisema ampea 36. Zidisha tena: wati 432. Chenye namba ndogo usoni kilikuwa na nguvu maradufu ya chenye namba kubwa.

Nikarudi kwenye mzigo wenyewe. Prosesa ya mdogo wangu ni ya wati 84. Ubao mkuu, kumbukumbu, diski mbili na feni nilivikadiria wati 60. Kwa kadi aliyoitaka, jumla ingefika wati 314. Kwa kadi ya wastani, GeForce GTX 1660 Super, ambayo hutumia wati 125 na ambayo watengenezaji huishauria pawasaplai ya wati 450, jumla ingekuwa wati 269. Haifai kununua kisanduku kinacholingana na jumla hiyo barabara, kwa kuwa kadi ya grafiki huvuta umeme kwa vishindo, na kisanduku kinachofanya kazi kwenye ukomo wake mchana na usiku huchemka na kuzeeka mapema.

NYAYA NAZO ZINA UKOMO WAKE

Jambo la pili ni nyaya. Tundu la ubao mkuu linalopokea kadi hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huongezewa kwa waya wake kutoka kwenye pawasaplai: wa pini 6 huruhusiwa wati 75, na wa pini 8 wati 150. Kisanduku chepesi hakikuwa na waya wa pini 8. Muuzaji alitaka kunipa kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye waya wa diski. Plagi ya diski imekadiriwa wati 54 tu. Ukiilazimisha kubeba zaidi, plastiki huanza kuyeyuka kabla hujaona moshi. Ikiwa pawasaplai haina waya ambao kadi inauhitaji, iache dukani.

Aidha kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazifuati kawaida ya wengine. Plagi ya kawaida ya ubao mkuu ni ya pini 24. Ya mdogo wangu ni ya pini 8. Ilibidi atume picha ya plagi, ya tundu na ya matundu ya skrubu, nami nikatafuta waya wa kuziunganisha. Nyingine hata umbo la kisanduku ni la pekee, na hazipokei kingine. Kwa hizo ni heri kubaki na pawasaplai ya kiwandani na kutafuta kadi ndogo isiyozidi wati 75, ambayo haihitaji waya wowote wa nyongeza.

Jambo la tatu ni umeme wa mahali penyewe. Nyumba iliyo mbali na transfoma hupata umeme dhaifu jioni, wakati kila mtu amewasha taa na pasi. Kwa mazingira kama hayo chagua pawasaplai ambayo kibandiko chake kinasema inapokea volti 100 hadi 240. Hiyo haitikisiki upesi umeme ukishuka. Zipo za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa ukutani kwetu, kisanduku kitalipuka palepale. Ndani ya pawasaplai nzuri zimo kapasita za kutosha kushikilia umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde unapoyumba. Wamatengo wataelewa haraka nikisema zinafanya kazi ya ngoro, yale mashimo wanayoyachimba kwenye miteremko ili mvua ya ghafla isishuke yote kwa mkupuo.

Kuna pia suala la LUKU. Tangu mwaka 2004 uko mpango ulioanzia Marekani, uitwao 80 Plus, wa kuthibitisha pawasaplai zinazopoteza umeme kidogo. Kisanduku cha daraja la Bronze, kikifanya nusu ya kazi yake, hupeleka ndani asilimia 85 ya umeme kinaouvuta. Kikiwa cha asilimia 70, kinachobaki huwa joto. Kwa mzigo wa wati 269, cha kwanza huvuta ukutani wati 316 na cha pili wati 384. Tofauti ni wati 68. Kazi ikiendelea saa 8 kila siku, ni uniti 16 kwa mwezi zinazolipiwa ili kupasha moto kibanda.

KAULI YA MAMA

Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza kwamba naona heri kadi ya wastani na pawasaplai ya wati 450. Hakupendezwa. “Kaka, wewe uko Dar,” akasema, “huwaoni wateja wanavyonikimbia. Watu wanauliza kadi gani unayo, hakuna anayeuliza pawasaplai.” Yalikuwa maneno ya kweli, wala sikuwa na jibu la kumfurahisha. Kadi ile kubwa ingemwezesha kufanya kazi upesi zaidi, na jina lake lingemletea heshima mbele ya vijana wenzake. Tukanyamaza, kila mmoja na simu yake sikioni.

Mama alikuwa amekaa karibu naye. Akaichukua simu akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, hicho cha bei rahisi kikiungua, hicho cha bei ghali kitapona?” Nikamjibu kwamba hakuna awezaye kumhakikishia. Pawasaplai nzuri ina ulinzi wa kujizima yenyewe mambo yakiharibika. Duni inaweza kufa ikaburuta na ubao, diski na kadi pamoja nayo, na ndani ya diski zimo harusi za watu zisizoweza kurudiwa. Mama akacheka kidogo. Akasema yeye maisha yake yote ameuza mahindi kwa debe lililotunishwa na gunia la lumbesa, ambalo linaitwa gunia moja na kubebeshwa zaidi ya kilo 100 zinazoruhusiwa. “Huko walitupunja kwa kuzidisha,” akasema, “huku wanatupunja kwa kupunguza. Someni kipimo, msisome jina.”

Mdogo wangu hakusema neno siku ile. Kesho yake asubuhi akaniandikia ujumbe mfupi: “Nunua ya wastani.” Chenji iliyobaki alinunulia fimbo ya shaba na waya, akamwita fundi kumtengenezea athi ya kibanda, kwani hakikuwa nayo.

Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba mambo yote yamekuwa mepesi. Wateja wawili wale hawajarudi. Filamu iliyokuwa ikichukua usiku mzima sasa huchukua saa tatu hivi, na kwa kadi ile kubwa huenda ingechukua chini ya hapo. Ila tangu Juni, mavuno yalipoanza na harusi zikafuatana, mashine haijazimika katikati ya kazi hata mara moja. Mvua za radi zikianza, amekubali kuchomoa waya ukutani kila afungapo kibanda, maana radi haizuiwi na kisanduku cha daraja lolote.

Basi ukienda dukani kwa shughuli kama hii, nenda na karatasi. Andika wati za prosesa na za kadi, ongeza za vingine, uache nafasi. Geuza kisanduku usome ampea za volti 12, uzidishe mwenyewe mbele ya muuzaji. Hesabu nyaya. Uliza dhamana ni ya muda gani, na idai kwa maandishi. Na fundi akikwambia pawasaplai imeharibika, usikifungue kisanduku hicho kwa mikono yako wala usiwaachie watoto wakichezee. Kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuumiza hata baada ya kuchomolewa. Mdogo wangu ameweka kile cha zamani juu ya kabati, kimefungwa kwa karatasi, kwa kuwa bado ni kizima, na yuko kijana wa jirani anayetaka kuanza kazi kama yake kwa kadi ndogo ya wati 75.